Jiwe la Visigino

Benchi letu la kahawa liko nje ya kibanda cha Kinyozi, na leo kibanda kimefungwa. Mwenyewe kaketi katikati yetu, kahawa haijaguswa, mkononi ana jiwe la kijivu la kusugulia miguu, jepesi, limejaa matundu. Juzi alimsugulia mama yake visigino. Mama ana kisukari, miguu imekufa ganzi, hakusema kitu mpaka damu ikaonekana kwenye beseni. Leo mguu umevimba. Na sisi, badala ya kufunga midomo, tukajifanya tunajua kila kitu.

— Muuzaji aliniapia ni laini, alisema Kinyozi. Kalitia kwenye maji, likaelea. Akaniambia, kitu kinachoelea kitamuumiza nani? Leo namvunjia meza yake.

— Hilo si jiwe, alisema Wakili, ambaye mahakamani alifika mara moja tu, tena kama shahidi. Ni povu la sabuni na saruji. Linapikwa kiwandani.

— Acha kutupiga kamba, Dereva wa lori akafoka. Mimi ndio mzigo wangu huo. Mlima ukilipuka unatapika uji wa moto wenye gesi, unafura kama soda iliyotikiswa. Ukipoa ghafla, matundu yanabaki. Ni kioo hicho. Watu wanafyatulia matofali mepesi, wanafulia suruali za jinzi mpaka zichakae.

Kinyozi akaligeuza jiwe.

— Kioo? Nimemsugua mamangu kwa kioo?

— Basi hiyo ni jinai, Wakili akadakia. Tunaushtaki mlima.

— Hati ya mahakama utaupelekea wapi, we mtu? Dereva akauliza.

— Namshtaki mwenye ardhi. Halafu wanatuficha siri. Meli zingejengwa kwa mawe haya, isingezama hata moja.

— Linanyonya maji taratibu, mwisho linazama.

— Wewe umehongwa na muuzaji.

Wakashikana mashati. Nikawaachanisha, lakini nami damu ilikuwa inachemka, nikasema twende sote tukaivunje hiyo meza. Tukasimama. Hapo akatokea dada wa duka la dawa, kikombe mkononi, anafuata kahawa yake.

— Kulikoni?

Kinyozi akamweleza yote, mpaka uvimbe. Dada akasahau kahawa.

— Hospitali wamesemaje?

Wakili akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Kinyozi akaliweka jiwe kwenye benchi, polepole, na Dereva akaanza kupapasa mifuko akitafuta funguo za lori, tukamchukue mama.