Febronia Hakutoa Mimba

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Febronia, kaa hapa kitandani nikuone, kwa sababu haya yanakuhusu na nimechelewa miaka kumi na minne kuyasema.

Nyumba hii ya Lipangalala ni ya Sylvester. Shamba la mpunga la bondeni, lile ambalo wewe Sylvester unasema lisiende kwa mtu asiye na mtoto, nampa dada yako.

Sikilizeni sababu. Febronia akiwa na miaka kumi na tisa alianguka shambani wakati wa palizi, akajikunja kwenye matope ameshika tumbo, damu inamtoka. Kila mwezi alikuwa hivyo tangu avunje ungo. Zahanati walimpa dawa za taifodi, za minyoo, za UTI, na marehemu mama yenu akamwambia avumilie, ndivyo wanawake walivyo. Siku ile nilimwuliza, "Umetoa mimba ya nani?" Akasema, "Baba, sijawahi kulala na mwanamume." Sikumwamini. Wazazi wa Gaudensi walipoleta posa kutoka Sanje, niliwaambia kwa mdomo wangu huu kwamba binti ametoa mimba, wasije wakanilaumu. Waliondoka bila kugusa chai, nami nikajiona mtu mkweli.

Miaka tisa baadaye, daktari mmoja wa kike hapa Ifakara ndiye wa kwanza kumwuliza maumivu yanaanza siku gani, kama yanakuja na hedhi, kama anaumia akienda haja kubwa. Akampeleka Dar, wakamtoboa tundu dogo tumboni, wakaingiza kamera. Ugonjwa unaitwa endometriosisi: nyama inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi inaota nje yake, inavimba na kuvuja damu isiyo na pa kutokea, mpaka viungo vinagandana. Walitoa walichoweza, wakampa vidonge vya kuzuia hedhi. Haukuisha, ila umepungua. Nikamwuliza daktari kama ulitokana na kutoa mimba. Akasema, "Hapana, mzee. Mabinti wengi huanza nao wakiwa shuleni." Febronia alikuwa amekaa pale pale. Sikumwomba radhi. Tulirudi kwa basi tukizungumza habari za mvua.

Niinulieni mto... basi, hapo.

Sylvester, binti yako Teddy ameanza kukosa shule kila mwezi. Usimwulize alikuwa na nani. Mpeleke hospitali, aandike tarehe za maumivu, na wakisema ni kawaida, mpeleke tena. Aende na shangazi yake, yeye anajua la kusema.

Siku ya kunizika, Padri akimaliza, kabla hamjafukia, simama useme mbele ya wote: Febronia hakutoa mimba, baba alimsingizia. Watu wa Sanje waiteni. Wasipokuja, uwafuate kwao.

Febronia... sikuombi unisamehe leo. Lete mkono. Mungu akupe... akupe miezi isiyouma. Na wewe Sylvester, akubariki, na Teddy... Useme kabla ya udongo. Kabla...

Febronia, usiondoke kwanza.