Siku Kwaya Iliposimama Mahakamani

Mheshimiwa Hakimu, Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wenzangu wa sauti ya pili mliojibanza kule nyuma kama kawaida yenu, nawasalimu wote.

Nimeombwa niseme machache kuhusu marehemu wifi yangu, mwalimu wa kwaya, ambaye chumba hiki cha kusubiria ndugu wa mahabusu, hapa mahakamani, kimepewa jina lake. Hayo machache nitajitahidi. Mwenyewe alizoea kusema nikishika maneno, chai hupoa.

Mnajua ilivyoanza. Kaka yake, seremala, ambaye ndiye mume wangu, alikwenda na wenzake kuuliza kwa nini watu wa mtaa wetu wanakataliwa kujiandikisha kupiga kura. Wakawekwa ndani. Wiki zikapita, hawasomewi mashtaka, wala sisi haturuhusiwi kuwaona. Mimi nililia tu. Wifi alikuja mazoezini, akatunyamazisha katikati ya wimbo, akasema, "Jamani, siku ile Bwana hatatuuliza tuliimba vizuri kiasi gani. Atatuuliza waliofungwa tulikwenda kuwaona au hatukwenda. Kesho mazoezi ni mahakamani."

Tukaenda na sare zetu, tukajaza mabenchi, kimya kabisa. Taabu ni kwamba kuna neno moja ambalo wanakwaya wamelizoea mno. Hakimu wa wakati ule alipoingia, karani akapaza sauti, "Simameni!" Tukasimama, na kabla hatujajitambua, sauti ya kwanza ikaanzisha wimbo. Sisi wa pili tungefanyaje? Tukaitikia. Karani akatoa macho. Hakimu akauliza hawa ni akina nani na wamemfuata nani. Wifi akajibu, "Mheshimiwa, tuwie radhi, ni mazoea. Ila kwa kuwa umeuliza, tumewafuata ndugu zetu ambao hawajaletwa mbele yako." Hakimu akaagiza waletwe, na wiki hiyohiyo wakaachiwa. Mume wangu yule pale, meno yamepungua, lakini yupo.

Natamani ningeishia hapo. Lakini wazee wetu wa kanisa, leo mmemsifu sana, tena kwa maneno mazuri ambayo mimi sina. Mbona hamkumpa hata moja akiwa hai? Jumapili iliyofuata mlimwita ofisini, mkamwambia anaingiza siasa madhabahuni, mkamvua ualimu wa kwaya. Ni siasa gani hiyo, kumwendea mtu aliyefungwa? Ni imani ipi aliyokuwa nayo, kama si hiyohiyo mliyomfundisha ninyi?

Hakugombana na mtu. Alikuja ibadani, akakaa benchi la mwisho, na wimbo ukianza alichezesha midomo bila kutoa sauti. Nikamuuliza, "Wifi, mbona huimbi?" Akasema, "Koo linakataa, wifi. Niache tu." Aliendelea kuwasindikiza akina mama wa mahabusu hapa mahakamani mpaka miguu ikamshinda. Chumba hiki alikiomba, akachoka, akaomba tena, na kimekamilika yeye yuko kaburini. Inaniuma. Kibao chenye jina lake ni kizuri na rangi imekolea, lakini mngemrudishia kwaya yake ningefurahi zaidi.

Mheshimiwa Hakimu, wewe uliyesikia ombi lake, nakushukuru kwa moyo wote. Nina ombi moja tu la kwangu. Nilipoingia asubuhi nimewakuta akina mama getini, wamekaa chini na vifurushi vya nguo. Vijana wao wamekamatwa juzi. Askari amewaambia wasubiri hukohuko nje mpaka wageni waondoke, maana humu viti havitoshi.

Ndugu zangu, viti hivi tulivyokalia ndivyo vyao. Changu hiki hapa, kiko wazi.

Asanteni kwa kunivumilia. Naomba geti lifunguliwe.