Jibu Lililongoja Bombani

Basi lilipotoka Msambweni, Loice, mfuaji nguo wa hoteli, alikuwa ameazimia kusinzia hadi Ukunda. Abiria wawili wa kiti cha mbele yake walimnyima usingizi.

"Shikamoo, mzee. Umetoka hospitalini?" aliuliza kijana mwenye mkoba wa kompyuta.

"Marahaba. Binti yangu Dama amejifungua, lakini alivuja damu nusura tumkose. Ilibidi aongezwe damu, na jibu la kipimo cha kundi lake la damu halikuonekana kwenye kompyuta ya wodi. Maabara wanaapa wamelituma! Kisha fundi mmoja akalitoa. Mungu ambariki popote alipo."

Kijana akakohoa. "Fundi mwenyewe ni mimi, mzee. Naitwa Jacktone."

Mzee akamgeukia. Loice akafungua jicho moja.

"Lilikuwa wapi jibu hilo, mwanangu?"

"Ndani ya kompyuta mna kama mabomba. Programu ya maabara hutia majibu humo, na ya wodi huyachota. Sasa ile ya wodi ilikuwa imeganda kwenye bomba tupu, ikisubiri, na jibu la Dama limelala kwenye bomba la pili. Nimeifunza ichungulie yote kwanza, ichote penye kitu. Ni kazi ndogo, usinishukuru."

"Nisikushukuru? Mjukuu wangu ataitwa Jacktone."

"Ni mvulana?"

"Ni msichana. Atazoea."

"Mzee, hapana, tafadhali!"

Basi likasimama Kona ya Musa. Wakashuka wakibishana, na Loice, asiyemjua hata mmoja wao, akajisikia akisema kwa sauti, "Asante Mungu."