Fionnlagh Moireasdan na Mapaa Yaliyolia

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi, Fionnlagh Moireasdan anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika kitengo chetu cha matengenezo ya nyumba, hapa kisiwani Leòdhas, Uskoti. Mimi ni mwanagenzi wake, nina miaka kumi na saba. Nimesomeshwa Kigaeli na Kiingereza, na katika lugha zote mbili huwa nanyamaza. Pengine ndiyo maana wakubwa wakanipa kalamu niandike maneno haya ya kumuaga.

Alianza kama fundi wa vigae, kisha akaingia darini na humo akabaki. Ni mrefu kuliko milango yetu yote, na kazi ya maisha yake ameifanya kwa magoti. Akiwa juu huimba zaburi chini kwa chini. Mwaka mmoja mpangaji mgeni alimwita mchungaji aje kuiombea dari.

Amefunika dari za nyumba mia tisa kwa pamba ya kioo ya kuzuia baridi, na kila moja ameipima kwa vidole vitatu: ndiyo nafasi anayoiacha penye upenu, pande zote mbili, hewa ipite juu ya pamba. "Joto likae na watu, upepo ukae na vigae," husema.

Mimi niliisahau nafasi hiyo. Hili sijawahi kulisema.

Vuli iliyopita nilifunika dari ya Mama Peigi NicAmhlaigh, mwenye miaka themanini na moja. Mumewe, Tormod, alikuwa amefariki kabla ya Pasaka. "Huo upepo penye upenu unaniita kwa jina, mwanangu," aliniambia. "Uzibe." Kwetu upepo ndio adui, mtoto hujua kuziba tundu kabla hajajua kufunga viatu. Nikaisukuma pamba hadi ukingoni, nikaikandamiza kwa ngumi.

Januari ikaja na baridi kavu. Siku tisa hapakunyesha, lakini chumbani kwa Mama Peigi palinyesha. Kila asubuhi jua likigusa vigae, matone yalidondoka kitandani, upande aliokuwa akilala Tormod. Doa kwenye dari lilikuwa refu, lenye mabega. Mimi na Fionnlagh tulipofika tulimkuta amevaa koti, sanduku liko mlangoni, anamsubiri bintiye ampeleke Glasgow akaishi huko.

"Tormod hakulia hata siku moja alipokuwa hai," alisema. "Sasa ndiyo anaanza?"

"Tormod? Yule alicheka hata kwa daktari wa meno," Fionnlagh akajibu. "Subiri kidogo, Peigi. Usiondoke kwa ajili ya maji."

Tukapanda. Kila ncha ya msumari ilikuwa na shanga ya barafu, mamia, zote zikitumulika. Hewa ilikuwa imesimama. Pumzi zetu zilibaki pale pale kwenye mwanga wa tochi, hazikwenda popote.

Fionnlagh akapeleka mkono penye upenu. "Nani kaziba hapa?"

Jina langu lilikuwa kwenye fomu ya kazi, naye alikuwa ameisoma.

"Mvuke wa birika, wa samaki, wa bafu, wote hupanda huku," alisema taratibu. "Ukikosa pa kutokea, unaganda. Jua likija, unadondoka. Haya, mwanangu, vuta."

Nikavuta. Pamba ilitoka nzito, inachuruzika. Kipande cha mwisho kilipoachia, kitu kirefu kilipita kati yetu, kutoka upenu mmoja hadi mwingine, kwa sauti ya mtu anayeshusha pumzi. Nilichungulia nje kwenye upenyo: moshi wa bomba la jirani ulikuwa umepanda wima, bila kuyumba.

Chini, Mama Peigi aliita: "Mmemfungulia?"

Fionnlagh akajibu: "Tumemfungulia."

Aliziba mwanya wa kifuniko cha dari ili mvuke wa chini usipande, akatoa bomba la feni ya bafu hadi nje, na pamba mpya akaipima kwa vidole vyake. Tuliposhuka, koti lilikuwa limerudi msumarini na Mama Peigi alikuwa anamwambia bintiye kwa simu asije. Kwenye ripoti Fionnlagh aliandika, "Kosa la kitengo." Jina langu hakulitaja, wala hakunigombeza.

Mama Peigi, najua Ijumaa utakuwepo ukumbini kumuaga Fionnlagh. Ni mimi niliyeziba. Nisamehe.

Na wewe, Mzee Fionnlagh, asante kwa kila nyumba iliyokauka. Kitengo kizima kinakuombea siku nyingi, magoti yasiyouma, na kazi za kufanya ukiwa umesimama wima.