Kuzima Si Kuzimu: Maisha ya Mwalimu Lewis Kavumbi Chome

Wazee wa ukoo, wachungaji, maustadhi mliofuatana na mkwe wetu Hashim, walimu wenzake na wanafunzi wake, familia inawapa pole na inapokea pole zenu, na mliosimama nje ya hema tunawaomba msogee, kwa sababu historia hii haisomwi kwa kunong'ona, na yamo ndani yake mambo ambayo baadhi yenu mlituomba tuyaruke.

Mwalimu Lewis Kavumbi Chome alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 hapa hapa Taru, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Chome Mangi, mfugaji, ambaye aliwalea wanawe kwa mjeledi ule ule wa kuswagia ng'ombe, hata Kavumbi akajua tangu hajaota meno ya pili kwamba mwenye mkono mzito ndiye mwenye neno. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza darasa la saba mwaka 1971 akiwa wa kwanza darasani na wa kwanza pia kuitwa ofisini kwa kupigana, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1975, na katika likizo ya Desemba 1974 alimvunja taya mfanyabiashara mmoja kwenye mnada wa mifugo, mtu mzima mwenye watoto, kwa kuwa alimwita babake mwizi. Mzee Chome hakumkemea, alimchinjia mbuzi.

Alisomea ualimu Mombasa, akafuzu mwaka 1978, akafundisha Jiografia na Dini katika shule za Matuga na baadaye za huku nyumbani, na tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na Judy Mbeyu, ambaye yuko mbele yenu hapa, wakajaliwa watoto wawili, Shutu mwaka 1986 na Fauzia mwaka 1990. Katika historia za marehemu ni desturi kusema kwamba waliishi kwa upendo na furaha, nasi tulikuwa tumeshaliandika hilo, lakini mama Judy amelifuta kwa kalamu yake na kutuagiza tuseme kwamba Krismasi ya mwaka 1993, mbele ya wageni, marehemu alimng'oa jino kwa sababu ya mchuzi uliozidi chumvi, na kwamba upendo ulikuja, lakini ulichelewa.

Mwaka 2010, miaka tisa baada ya serikali kupiga marufuku kiboko shuleni, alimpiga mwanafunzi wake wa darasa la sita aitwaye Rai kwa mguu wa kiti, akamvunja mkono wa kulia, na kwa hilo akaachishwa kazi. Alikaa nyumbani mwaka mzima akiiangalia mikono yake kama mtu aangaliavyo mbwa wake mwenyewe aliyemuuma mtoto wa jirani, na humo ndimo ilimozaliwa hofu iliyomtuma alikokwenda, hofu kwamba asipoupata mwisho wa hasira yake, safari nyingine itaua.

Mwezi wa Februari 2012 alipata kazi ya ukalimani kule Galu, katika nyumba ya mapumziko walikofikia walimu wa Kibuddha kutoka nchi mbalimbali, ambao mafundisho yao mwenye nyumba alitaka yasikike pia kwa Kiswahili, kwa wafanyakazi na majirani. Wa kwanza alikuwa mtawa kutoka Sri Lanka, aliyefundisha watu kukaa, kufuata pumzi, na kila linalozuka moyoni kuliita jina lake, hasira ikija useme hasira, uitazame inapita kama unavyotazama lori barabarani bila kulidandia, na akasema kwamba kila mtu anajizimia moto wake, hata Buddha hanyeshi mvua, anaonyesha tu kisima. Hapo ndipo marehemu alipotakiwa kuitafsiri ile shabaha ya safari yote, akakataa kusema mbinguni, akakataa kusema peponi, kwa kuwa mtawa alimweleza kwamba ni kama moto uliokosa kuni, basi akachagua neno lake, kuzima, na akalipenda kama mtu apendavyo mtoto aliyempata uzeeni. Zahoro, mpishi wa nyumba ile, mtu wa Msambweni, alimtahadharisha jikoni siku ile ile.

"Mwalimu, tafuta neno jingine. Hilo ukilisema mbele ya mtu mwenye sikio bovu, atasikia kuzimu."

Marehemu alimjibu kwamba masikio mabovu ameyafundisha kwa miaka thelathini na hayamtishi.

Mwaka wa 2014 akaja mtawa wa kike kutoka Japani, mfupi, ambaye aliwakalisha watu wakiutazama ukuta na kuwaambia wasitafute chochote, kwani huko kukaa kwenyewe ndiko kuamka, hakuna kituo mbele, na aliyesinzia alipigwa begani kwa ubao bapa. Marehemu alilalamika kwamba huu ni mtihani gani usiotolewa matokeo, na alipopigwa ubao alinyanyuka na ngumi, miaka minne tangu mkono wa Rai, na yule mama hakurudi nyuma, akamwinamia kwa heshima akauliza, "Nani amepigwa?" Alisimama pale na ngumi yake hewani, akimtafuta huyo aliyepigwa, akamkosa, akaketi, na Zahoro aliyekuwa mlangoni na sinia la chai alisema baadaye kwamba alishakwisha kuamua amwokoe nani.

Wa tatu alikuwa lama wa Kitibeti aliyeishi Nepali, mwenye tasbihi, maneno ya kurudia na picha za kutisha, viumbe wenye meno nje na ndimi za moto mgongoni, ambazo marehemu alizichukia kwanza kwa kuwa alijiona mle, mpaka akaambiwa kwamba ndiyo hasira iliyofungwa nira ikalima, na kwamba anayeshika njia hii huapa kutovuka ng'ambo peke yake mpaka kila chenye pumzi kivuke. Kiapo hicho alikila mwaka 2016, na juma lile lile akapanda gari hadi Taru, akasimama sokoni mbele ya watu, akamwomba Rai radhi kwa sauti, naye Rai akatema mate chini, akaenda zake, na marehemu akasema ana haki.

Wa mwisho, mwaka 2018, alikuwa bibi mzee kutoka Taiwan, ambaye hakufundisha ila kuliita jina la Buddha wa Nuru Isiyo na Mwisho kwa imani, kwa sababu, alisema, wako watu ambao nguvu zao wenyewe hazitawafikisha popote. Njia hiyo iliwagawanya nyumbani, mama Judy akasema huyo ndiye pekee anayehubiri kama mchungaji wetu ila jina tu amekosea, Hashim akasema hiyo ya tasbihi na kutaja jina sisi tunayo tangu zamani baba, ungetuuliza tu usingechoka, na marehemu akacheka, akawaambia kwamba wa kwanza anakwambia piga makasia mwenyewe, wa pili anakwambia umeshafika, wa tatu anakwambia usishuke bila wenzako, na huyu bibi anakwambia umeanguka majini, shika kamba. Kanisa hakuliacha. Alisema njia hazishindani, wanaoshindana ni wapita njia, na kwamba yeye anazipima zote kwa kipimo kimoja tu, mkono wake wa kulia.

Nyumba ya Galu ilifungwa mwaka 2020 kwa ajili ya korona, marehemu akarudi Taru na nywele nyeupe, na kila asubuhi alikaa akiutazama ukuta wa ghala lake kwa saa nzima, tasbihi mkononi. Mwezi wa Julai mwaka huu, katika matanga ya kijana wa jirani aliyefariki kwa homa, aliulizwa anatafuta nini kwenye ukuta, akajibu kwa neno lake, "Natafuta kuzima." Sufuria za matanga hazijaoshwa, herufi moja ilikuwa imeshabadilika, na mzee aliyetafuta kuzima akawa mzee anayeshuka kuzimu kila kukicha kupitia ukuta wa ghala, na homa ya yule kijana ikapata mwenyewe. Tunawauliza mliosoma na msiosoma, mliolibeba neno lile nyumba hadi nyumba, nani kati yenu alirudi kumuuliza mwalimu mwenyewe alikuwa na maana gani? Mvi zake tu ndizo zilizotosha kuwa ushahidi wa uchawi?

Sasa tumefika mahali ambapo historia ya marehemu husema kwamba aliugua. Tumeshauriwa tuandike kuwa aliugua kwa muda mfupi, lakini marehemu hakuugua, marehemu aliuawa. Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, walikuja watu wapatao ishirini na fimbo, mapanga na mtungi wa petroli, wakamkuta akisafisha ua, panga mkononi, na mama Judy akiwa mlangoni aliyaona yote. Fimbo ya kwanza ilimpata begani, ya pili usoni, na mama anasema aliuona ule mkono anaoufahamu kuliko mtu yeyote ukiinuka na panga, akamsikia akisema, "Hasira," kisha tena, "Hasira," na wale watu wakapiga kelele kwamba anawaroga, na mkono ukashuka. Walipomwagia ghala petroli wakatia moto, aligeuka akalikimbilia zizi lililoegemea ghala, akakata kamba ya mlango, mbuzi na vitoto vyao wakatoka, akalitupa panga lile ndani ya moto asiwe nalo tena, na hapo ndipo walipomwangusha, wakamvunja mbavu na miguu yote miwili, wakammwagia petroli iliyobaki, wakamtia moto.

Wapo wanaotuuliza katika matanga haya ni njia ipi iliyomfikisha, na wengine tayari wanamwita mtakatifu. Hatujui, na tusidanganyane. Tunajua kwamba mkono ule ulipewa sababu ya kuua, ukapewa na panga, na haukuua. Tunajua pia kwamba kama ungepiga huenda angekuwa hai, na sisi tuliompenda hatujaweza kumsamehe hilo.

Majirani walimwokoa motoni, akafikishwa hospitali ya Msambweni, akaishi siku mbili akiwa na akili zake, na Jumapili askari walipofika kuandika maelezo, wazee wawili wa ukoo walikuwa wameshatangulia kumsihi anyamaze kwa ajili ya amani. Alitaja majina matatu bila kupandisha sauti, kisha akasema haya, ambayo Fauzia aliyasikia akiwa amemshikia kikombe cha maji:

"Na Rai. Mimi nilimvunja mkono, nikamwomba radhi mbele ya watu. Na yeye aje aseme mbele ya watu."

Alifariki Jumatatu tarehe 14 Oktoba 2024, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Tangu siku hiyo ujumbe umekuja mara tatu kwa mama Judy, kwamba marehemu alikuwa mtu wa amani, kwamba dini zake zote zilimfundisha kusamehe, kwa hiyo familia iende kituoni ikaondoe mashtaka. Jibu letu tunalitoa hapa, jeneza likiwa wazi na baadhi yenu mkiwa mmekaa viti vya nyuma. Aliyetaja majina yale manne hakuwa na hasira, hasira alikuwa ameiacha uani, na aliyataja. Kuzima hasira si kuzima kesi. Mahakama ya Kwale ina milango, ina viti, na ni mbele ya watu, mahali pale pale alipotaka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Msambweni waliomsafisha majeraha bila kuziba pua, Zahoro aliyetoka pwani na gari la kukodi akampikia chai ambayo hakuweza kuimeza, walimu wenzake wa Matuga, wachungaji na maustadhi waliosali kando ya kitanda kimoja bila kugombania mgonjwa, na majirani wa nyumba tatu, mnajijua, mliokuja na ndoo za maji mkipigwa mawe. Mliosimama barabarani mkipiga picha kwa simu, familia haiwashukuru, ila inawaomba picha hizo mzipeleke kwa mpelelezi.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, na mbuzi kumi na wanne.

Mwalimu, pumzika kwa amani. Sisi tutakutana Kwale.