Rafla Bishara, Aliyeiweka Ramani Chini

Ndugu zetu, tunawasomea haya na bado hatujaelewa. Jumanne asubuhi Rafla Mikhail Bishara alikula maharage na mkewe, akalalamika kwamba chumvi imezidi. Leo Alhamisi tunamzika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1952 mtaa wa Labban, hapa Iskandaria, mtoto wa pili wa seremala Mikhail Bishara na Bi Linda. Alisoma shule ya kanisa mtaani hapo hadi mwaka 1968, baba yake alipougua ikabidi aanze kazi.

Alijifunza ufundi wa kukarabati picha na ramani za kale huko Attarin, mtaa wa maduka ya vitu vya kale, na mwaka 1979 akafungua duka lake mwenyewe. Aliuza ramani nyingi. Moja hakuiuza: ramani ya Iskandaria, iliyochongwa kwenye bamba la shaba na kupigwa chapa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, yenye bandari zetu mbili na meli ndogo kama punje za mchele. Baba yake aliachiwa ramani hiyo na mama mmoja Mwitaliano aliyehama mwaka 1957.

Alipokwenda kumposa Odette alikwenda nayo, maana hakuwa na kitu kingine cha maana. Baba mkwe aliitazama, akamtazama na yeye.

“Wenzako wanaleta dhahabu. Wewe umeniletea karatasi?”

“Si karatasi, ami. Nimekuletea Iskandaria nzima.”

“Iskandaria ninayo hapo nje ya dirisha, tena bure. Rudi nayo kwako. Na huyu binti mchukue, maana tangu uingie hajaacha kucheka.”

Walifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1982, wakajaliwa binti mmoja, Mariette, ambaye ndiye anayewasomea haya.

Kuhusu maradhi hatuna la kusema. Hakuwa mgonjwa. Tungekuwa tumemuuguza hata wiki moja, labda leo tungejua pa kuanzia kulia.

Jumanne hiyo, tarehe 13 Februari, baada ya mvua ya siku nyingi, ukuta wa ngazi za jengo letu ulipasuka kwa kishindo. Wapangaji wote walikimbilia barabarani. Rafla alitoka wa mwisho, ramani kichwani.

Odette akamwambia mbele za watu, “Koti langu limebaki juu, karatasi yako imetoka.”

“Koti nitakununulia, mama Mariette.”

Watu wakacheka. Kisha mtu akauliza, “Hajja Tahani yuko wapi?” Hajja wa ghorofa ya juu hasikii vizuri, na hakuna aliyekuwa amemwona.

Rafla aliiteremsha ramani akailaza chini, kwenye dimbwi la maji, bila hata kutafuta pakavu. Odette anasema hapo ndipo alipoogopa, kwa sababu miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwona akiiweka ramani ile sakafuni. Alimwita. Hakugeuka, akapanda ngazi.

Hajja Tahani alishuka peke yake, kanga ya kuswalia begani. Alituambia Rafla alimwonyesha kwa mkono atangulie, yeye akabaki kufunga mtungi wa gesi. Hajja alipovuka mlango wa chini, ngazi zilianguka zote. Waokoaji walimfikia Rafla alasiri. Mtungi waliukuta umefungwa.

Ngazi zilipoanguka, watu wakikimbia waliikanyaga ramani. Jana fundi mwenzake wa Attarin alikuja kuomba aichukue akaikarabati. Odette alimjibu, “Iache, mwanangu. Mwenyewe aliiacha.”

Ameacha mjane, Odette, binti, Mariette, na mumewe Sobhi, mjukuu, Karas, dada yake, Aida, aliye njiani kutoka Asyut na ambaye hatujapata namna ya kumweleza ilivyotokea, na Hajja Tahani, aliyeketi pale mstari wa mbele, ambaye hadi Jumanne alikuwa jirani tu.

Mungu amlaze Rafla wetu mahali pema, ampe amani ambayo sisi bado hatujaipata.