Mercy Asegelile, Aliyetafuta Ulaini wa Ini

Mugonile, ndugu na majirani. Wasifu huu nimeuandika mimi Zebedayo, mjomba wa marehemu, elimu yangu darasa la sita, mchinja nyama hodari kupita wote kutoka Ikolo hadi Matema. Mwenye kubisha asubiri tumalize kuzika.

Marehemu Mercy Asegelile alizaliwa Mwaya tarehe 14 Machi 1964, asubuhi ya mvua, maji ya mafuriko yamesimama kimya mlangoni kama mgeni aliyekuja kumwona mtoto.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo. Alikuwa mtoto wa kubonyeza: tope la mpunga, parachichi, shavu la bibi yake aliyesinzia. "Wee Mercy, mimi si andazi!" bibi alisema bila kufumbua macho. Mwaka 1989 alihitimu uhandisi Chuo Kikuu, Dar es Salaam.

Tarehe 19 Desemba 1992 alifunga ndoa na Mwalimu Andrew, Mungu akawajalia binti, Maria.

Mwaka 1994 alikwenda Uskochi. Kazi yake na wahandisi wenzake huko ilikuwa kutengeneza ndani ya kompyuta mwili usiokuwepo, madaktari wanafunzi wajifunze kupasua bila kumuumiza mtu. Mwanafunzi anashika kijiti cha chuma, anaona tumbo kwenye kioo. Akibonyeza, kijiti kinamsukuma mkono, kama nyama inavyofanya. Marehemu alikabidhiwa ini. Jambo moja lilimnyima usingizi: ini la mtu aliye hai, likiguswa, linajibuje? Akikosea, daktari atazoea uongo, na siku ya kweli atamchana mtu.

Krismasi ya 1997 alikuja na mtambo huo, tukauwasha kwa jenereta dukani kwa Bwana Abdulrahim, Kyela mjini. Nikabonyeza, macho nimefumba.

"Ini lenyewe hili, mpwa wangu! Hao Wazungu wangeniuliza mimi mapema."

Akanishika bega. "Ndiyo shida yangu, mjomba. Wewe unayajua yaliyokufa."

Abdulrahim alicheka hadi akakalia gunia la sukari.

Oktoba 1998 uvimbe ulionekana kwenye ini lake mwenyewe. Akawaomba madaktari wakishamfungua, kabla ya kukata, waweke kipimo chake cha ulaini wa ini pale palipo pazima.

"Mercy, hata huko unakwenda kazini?" mumewe alifoka.

"Nimwombe nani mwingine, Andrew?"

Wakapima. Mshono haujapona, akayaingiza yale majibu kwenye mtambo, akashika kijiti, akabonyeza. Mwalimu Andrew anasema alibonyeza tena, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali. Kisha akasema, "Ndilo."

Uvimbe ulirudi. Aliletwa Mwaya mwezi Mei, akafariki alfajiri ya tarehe 3 Juni 1999, mkono wake ndani ya mkono wa mama yake.

Ameacha mume, binti yao Maria, mama mzazi, kaka yake Aliko, na mimi. Na kule Uskochi ameacha ini lenye uhai. Saa hizi yuko kijana asiyemjua analigusa. Linabonyea kidogo, kisha linamrudishia mkono.

Wenye kutia udongo, tieni taratibu. Ndaga fijo, asante sana, Mercy. Lala, mama, umeshafika.